Kombe lilikwenda, namba tisa akarudi darasani

Natumaini wale wa Msimbazi na wale wa Jangwani mmeshachoka kutupiana vijembe. Leo naomba muwaweke pembeni hao mabwana wakubwa wanaosajili kwa mamilioni. Nataka tupige stori ya timu isiyo na basi, isiyo na mdhamini, isiyo na hata seti ya pili ya jezi. Timu ya shule.

Siyo shule yoyote tu, ni ile niliyosoma mimi huku Mbagala. Jina nalihifadhi, maana walimu bado wanafundisha na madogo bado wanasoma, sitaki soo na mtu. Nyumbani kwetu ni jirani na uwanja wa shule, ukipiga shuti la juu mpira unatua kwenye sufuria za mama mwenye nyumba. Basi tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa katibu wa timu asiye na ofisi wala posho. Kazi yangu ni kuandika kwenye kidaftari: nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kala kadi. Kidaftari cha msimu wa 2024 ninacho hapa mezani. Kurasa zake za katikati zimejikunja kwa kulowa, na huko ndiko ninakokupeleka.

Kwa wale waliosahau mambo ya shule, UMISSETA huanzia huku chini. Shule zinacheza kwenye kata, washindi wanapanda wilayani. Kutoka hapo shule hazichezi tena kama shule. Walimu wanaokota wachezaji wazuri kutoka kila timu, wanaunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na mikoa ndiyo inayokutana kwenye fainali za taifa. Mwaka 2024 fainali hizo zilikuwa Tabora, mwezi Juni. Kwa hiyo kwa timu ya shule kama yetu, fainali ya wilaya ndiyo Kombe la Dunia. Hakuna kingine mbele yake.

Msimu ulianza na matatizo ya kawaida. Kikosi watu kumi na wanane, njumu jozi kumi na mbili. Si unajua tena! Mchezaji akitolewa anakaa chini kwenye mstari, anavua, anayeingia anavaa, refa anatazama saa. Siku moja refa alichoka, akampa kadi ya njano yule anayevua. Nadhani ndiye mtu wa kwanza duniani kula kadi kwa kosa la kuwa na mguu namba arobaini na moja.

Lakini uwanjani, ndugu yangu, vijana walikuwa wanatesa. Kipa alikuwa anaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Namba sita alikuwa anakaba mpaka kivuli cha mtu. Na mbele kulikuwa na namba tisa. Mrefu, mwembamba kama mlingoti wa bendera, mguu wake wa kushoto ukigusa mpira watoto wa msingi waliokaa juu ya ukuta wanaanza kushangilia kabla hajapiga. Kwenye kata tulicheza mechi nne. Tukashinda 3-1, tukashinda 2-0, tukatoka 1-1, tukamaliza na 3-0. Mabao tisa. Sita ya kwake.

Tukapanda wilayani kifua mbele. Robo fainali ilikuwa iangukie mwanzoni mwa Mei, na wakazi wa Dar wanakumbuka siku zile. Mvua za masika zilikuwa zimeshatupiga vya kutosha, halafu kikatangazwa Kimbunga Hidaya, kikafika Mafia tarehe 4 Mei, boti za Zanzibar zikasimama, kila mtu yuko ndani anasikiliza redio. Mechi ikasogezwa wiki moja. Tulipokwenda kucheza uwanja ulikuwa bado bwawa. Mpira unapigwa, unakwama kwenye dimbwi, watu wanane wanaufuata kama bata. Tulishinda 1-0. Namba tisa aliuchota mpira kwenye tope, akampita beki aliyekuwa ameteleza, akafunga. Nilirukaruka na kidaftari mkononi, ndiyo siku kilipolowa.

Sasa ngoja nikupe upande ambao mtaani wote waliujua na walimu hawakuujua. Namba tisa hakuwa anasoma.

Ilikuwa hivi. Dingi wake alikuwa utingo wa lori. Mwezi Januari akapata ajali safarini, mguu ukavunjika vibaya, kazi ikaishia hapo. Maza wake anauza maandazi asubuhi mbele ya nyumba. Wadogo zake wako watatu. Tangu mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali mpaka kidato cha nne imefutwa, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini kufutwa ada siyo kufutwa njaa. Nauli ipo palepale, daftari zipo palepale, na tumbo halisomi waraka wa serikali. Mshikaji alikuwa kidato cha tatu. Mwezi Februari akaenda zake Rangi Tatu kupiga debe kwenye daladala. Akipata buku tano kwa siku, tatu anampelekea mama.

Mpira hakuuacha. Siku ya mechi anatoka stendi saa tisa na nusu, sauti imekauka kwa kuita abiria, anaazimwa shati jeupe la shule, anaingia na wenzake. Jina lake lilikuwa bado limo kwenye rejista. Mwalimu wa michezo ni mwalimu wa Jiografia wa kidato cha kwanza na cha pili, hivyo darasani hakutani naye. Anamwona uwanjani tu, anaona mabao, anafurahi.

Mambo yaliharibika kabla ya nusu fainali. Mwalimu alitaka kuhakiki majina ya kikosi chake mwenyewe, maana mjini kulikuwa na maneno mengi kuhusu mamluki. Akachukua rejista ya kidato cha tatu. Kwenye jina la namba tisa akakuta alama za utoro zimejipanga kutoka Februari mpaka Mei, mstari mmoja mrefu kama siafu.

Jioni hiyo pakawa na kikao chini ya mwarobaini. Hakikuitishwa na mtu, kilijikusanya chenyewe. Walikuwepo wachezaji, washkaji tuliomaliza zamani, wazee wawili wa mtaa, na mdau mmoja mwenye duka la saruji aliyeahidi mbuzi wawili tukiingia fainali. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba namba tisa hatacheza.

Pakalipuka!

"Mwalimu, jina si limo kwenye rejista? Tatizo liko wapi?" akauliza mwenye mbuzi.

"Jina limo, mzee wangu. Mtu hayumo," mwalimu akajibu.

Mwingine akaja na hoja nzito zaidi. Wenzetu tunaokwenda kucheza nao beki wao wa kati alikuwa na ndevu za kuchana. Watu kibao walikuwa wanamwona kwenye ndondo misimu mitatu iliyopita, na sare ya shule ilimbana mabegani kama ya kuazima. Sasa sisi tujifanye watakatifu kwa faida ya nani? Dawa ya moto si moto?

Mwalimu akasubiri kelele zitulie. Akasema, "Mimi nimeajiriwa kufundisha. Kijana huyu ana miezi mitatu hajaingia darasani, na shule inamkumbuka saa kumi jioni tu, tukitaka bao. Tukimchezesha tena tutakuwa tumekubali kwamba hilo ni sawa."

Namba tisa alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mti, anachora chini na kijiti. Hakusema neno. Akanyanyuka, akamwambia mwalimu, "Shikamoo, mwalimu," kama mtu anayefika badala ya mtu anayeondoka, akaenda zake.

Nusu fainali ikachezwa Jumatano. Nafasi ya namba tisa alipewa dogo wa kidato cha pili aliyekuwa amekaa benchi msimu mzima bila kuvua fulana. Hebu mfikirie huyu dogo. Anakuja shule kila siku, anafanya mazoezi kila siku, anabeba mipira kila siku, na mechi ikifika anatokea mtu kutoka stendi anachukua nafasi yake. Mtaani tulipokuwa tunapiga makelele kuhusu haki ya namba tisa, hakuna aliyemtaja huyu. Mamluki, msomaji wangu, hachezi kwenye hewa. Anacheza kwenye nafasi ya mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mpole, halalamiki.

Tulifungwa bao la kwanza dakika ya 19. Tukasawazisha dakika ya 44, kona, kichwa cha namba sita, kipa wao akabaki anatazama. Dakika ya 63 yule dogo akapenya akabaki yeye na kipa. Uwanja wote ukasimama. Akapiga. Mpira ukapita pembeni ya mlingoti kwa upana wa kiganja. Kama namba tisa angekuwepo... basi bwana, tuyaache. Dakika nne baadaye mpira wa adhabu, yule mwenye ndevu akaruka juu ya watu wote. 2-1. Mpira ukaisha hivyo.

Matusi aliyotukanwa yule dogo sitayaandika, gazeti hili linasomwa na mama zetu. Alijilaza chini nyuma ya goli, jezi kafunika usoni. Aliyekwenda kumnyanyua ni namba tisa. Alikuwa amekuja kutazama, amesimama nje ya kamba mechi nzima na kibegi chake cha stendi mgongoni. Akamshika mkono, akampangusa mchanga, wakaondoka pamoja kuelekea barabarani. Walizungumza nini, sijui na sikuuliza.

Usiku ule watu wakamfuata mwalimu wakitaka akate rufaa kuhusu yule beki mwenye ndevu. Ushahidi upo, mashahidi wapo. Mwalimu akakataa. Akasema, "Tukikata rufaa tutaulizwa mabao yetu saba alifunga nani. Mtajibu nini?" Hapo wote mdomo ukafungwa kwa kufuli. Mwenye mbuzi akaondoka na mbuzi wake. Kwa wiki nzima mwalimu akipita mtaani, watu waliozoea kumwita "kocha" wanamwitikia kwa kikohozi.

Kama msimu ungeishia hapo nisingepoteza wino wangu. Haukuishia hapo.

Wachezaji walikuwa wamechangishana fedha ya pilau la siku ya fainali. Wengine mia tano, wengine buku, namba sita alitoa elfu mbili alizopata kwa kufyatua tofali. Jumla shilingi 64,000. Fainali haikuja, pilau halikuliwa, pesa ikabaki kwa kapteni. Ijumaa wakakutana kugawana. Ni kipa aliyesema, na kipa wetu ni mtu asiyependa kuongea: "Hii pesa tungekula wote na namba tisa. Sasa tufanye anunuliwe sare." Hakuna aliyepinga. Wakanunua suruali, mashati mawili, viatu vya mtumba, na daftari kumi. Ikabaki elfu tisa. Kapteni akasema hiyo ni nauli.

Jumapili jioni mwalimu akaenda nyumbani kwa namba tisa, na mimi nikaenda naye kwa sababu nilikuwa naijua njia. Maza yuko nje anakanda unga wa kesho. "Shikamoo mama," akasema mwalimu, maana ni kijana tu naye. "Marahaba mwanangu, karibu, lakini kama ni mambo ya mpira huyu mtoto nyumba inamtegemea." Hakuwa mkali. Alikuwa anasema hesabu zake. Baba mtu alikuwa ndani, tunamsikia anakohoa.

Mwalimu hakuanza na hotuba ya elimu ni ufunguo wa maisha. Aliongea vitu vya kushikika. Akaeleza kwamba uko Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaoruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kurudi shuleni, na kwamba mkuu wa shule yuko tayari kumpokea shule zikifunguliwa Julai. Akasema stendi anaweza kwenda Jumamosi na Jumapili na jioni baada ya masomo. Akasema ikishindikana kabisa, kuna mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, ambao mtu huusoma akiwa nje ya shule kabla ya kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila njia hiyo ni ndefu na inamtaka mtu ajisukume mwenyewe. Maza akaendelea kukanda. Mwisho akauliza swali moja tu: "Na chakula cha mchana atakula wapi?" Mwalimu akanyamaza, kisha akasema atakula na yeye.

Namba tisa akarudi darasani Julai 2024. Shati jipya, viatu vya mtumba, kakaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wake. Jioni unamkuta Rangi Tatu anaita abiria, daftari la Baiolojia limechungulia kwenye kibegi.

Najua kuna msomaji anasema, "Wewe nawe acha mambo ya kizamani, siku hizi mpira ni ajira." Sibishi. Mbwana Samatta amekulia Mbagala hii hii. Mwaka 2015 alichukua ubingwa wa klabu bingwa Afrika akiwa na TP Mazembe, mwaka 2019 akachukua ligi ya Ubelgiji na Genk, mwaka 2020 tukamwona Uingereza na Aston Villa. Kila mtoto wa huku akipiga chenga anajiona yeye. Lakini fanya hesabu ndogo. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Ipe kila timu wachezaji thelathini, hizo ni nafasi 480 nchi nzima, na humo wamo wageni kutoka Kongo, Ghana, Ivory Coast na kwingineko. Wanafunzi wanaocheza UMISSETA kila mwaka, kuanzia kwenye kata, hata sihesabu. Wengi wao watamaliza shule na hawatalipwa hata mia kwa kupiga mpira. Hao nao ni watu. Timu ya shule ni yao pia.

Na mpira na darasa havigombani. Wakubwa zetu wakianza kusimulia Makongo ya miaka ya 1990, ya Kanali Idd Kipingu, macho yanawang'aa. Sifa ya shule ile ilikuwa kwamba mtoto mwenye kipaji anapata uwanja na anapata dawati. Tatizo letu ni kwamba tumeshika uwanja, dawati tumeliacha. Tunamtafuta kijana akiwa na bao mguuni, akivunjika hatumjui.

Ninyi mnaosaidia timu za shule mitaani, nyinyi wenye mbuzi na wenye maduka ya saruji, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujaahidi mbuzi wa fainali, uliza kikosi kina watu wangapi wasioonekana darasani, na kwa nini. Mara nyingi utakuta jibu ni nauli, au sare, au chakula cha mchana. Mbuzi mmoja anatosha kumrudisha mtoto shule na chenji ikabaki.

Kwa faida ya wale wa takwimu, nifunge kidaftari hivi. Msimu wa 2024: mechi sita, ushindi nne, sare moja, kufungwa moja. Mabao ya kufunga kumi na moja, ya kufungwa manne. Kipa na namba sita walichaguliwa timu ya wilaya, na kipa akaenda na mkoa mpaka Tabora. Na msimu wa 2025, namba tisa akiwa kidato cha nne, jina limo na mtu yumo, tukatolewa kwenye kata kwa penalti. Aliyekosa ya mwisho ni yeye! Yule dogo wa kidato cha pili, sasa kidato cha tatu, ya kwake alifunga. Mtaa mzima ulicheka mpaka jioni, naye akacheka, halafu akakimbia kwa sababu alikuwa na masomo ya ziada saa kumi na mbili.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na ukipita uwanja wa shule yoyote jioni ya leo, simama dakika tano uwatazame. Kiingilio bure.